Pumzi, daftari, msitu au mshauri: kipi kinakufaa Nairobi?

Ukitamka mbele ya watu Nairobi kwamba kichwa kimekujaa, hukosi washauri. Mmoja atakwambia upakue programu kwenye simu, mwingine akutume msitu wa Karura ukatembee. Wa kanisani atakualika kesha la Ijumaa, mfanyakazi mwenzako atakutumia nambari ya mshauri nasaha wake, na shemeji aliyesoma ng'ambo atasema nunua daftari uandike. Wote wanakutakia mema, na kila mmoja anasema kilichomfaa yeye. Ila wanajibu maswali mawili wakidhani ni moja.

Swali la kwanza ni la dakika hii: akili yangu iko hapa nilipo, au imeshatangulia kwa mwenye nyumba na kodi ya tarehe tano? Kulijibu kunataka zoezi la kuirudisha akili, tena na tena, kwenye kinachoendelea sasa. Swali la pili ni la mwenendo: nini hunipandisha hasira, nini nakikwepa, mbona kila mwisho wa mwezi nagombana na watu wa nyumbani? Hilo linataka kumbukumbu, na mara nyingi jicho la mtu mwingine. Umakini wa sasa na kujitambua husaidiana, ndiyo sababu huchanganywa. Lakini wapo watu wanaokaa kimya kila alfajiri na bado hawajui kwamba wao ndio huchafua hewa kwenye kila mkutano. Wapo pia wanaojijua nje ndani, ukiwapa nafasi watakusimulia utoto wao wote, ilhali hawawezi kumaliza sahani ya githeri bila kupekua simu.

Basi nitazilinganisha njia hizi kwa kazi zinazofanya, kwa pesa na muda zinaoudai, na kwa aina ya mtu anayezifaidi. Nyingine nitazipitia kwa haraka kwa sababu hazina mengi. Mbili za kwanza nitakaa nazo, kwa kuwa ndizo watu wengi huanza nazo na ndizo zinazotofautiana zaidi.

Kukaa na pumzi, au kuandika

Kukaa na pumzi hakuhitaji kitu. Unakaa mgongo ukiwa wima, miguu chini, unafuatilia hewa ikiingia na kutoka puani. Baada ya sekunde chache akili itaondoka. Utajikuta unapanga cha kumjibu bosi, au unahesabu kama unga utafika Ijumaa. Ukigundua umeondoka, unarudi. Wanaoanza hudhani wameshindwa kila akili inapotoroka, wakati kule kugundua na kurudi ndiko zoezi lenyewe. Anayerudi mara hamsini kwa dakika kumi amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa akasinzia.

Mwili nao una sehemu yake. Unapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kidogo, na unapovuta huongezeka. Ukirefusha kutoa pumzi na kupumua polepole, karibu mara sita kwa dakika, unaupa mwili ishara kwamba hakuna hatari. Ndiyo maana njia hii hutuliza hata kabla hujapata ustadi wowote wa akili.

Asili yake ni mapokeo ya Kibuddha, lakini sura inayofundishwa mahospitalini ilianza mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo ambayo leo ni ya wiki nane katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu waliokuwa wamezungushwa kila kliniki bila nafuu. Tangu hapo imepimwa sana. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515, yakaona nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Hayakuona kwamba inashinda dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2022 jaribio la watu 276 wenye matatizo ya wasiwasi liliwagawa kwa kura, nusu wakapewa mafunzo ya wiki nane na nusu dawa ya escitalopram, na makundi yote mawili yakapata nafuu inayokaribiana. Hilo si ruhusa ya kutupa dawa alizokuandikia daktari. Linaonyesha tu kwamba zoezi hili si mchezo wa watu wenye nafasi.

Kwa mtu wa Nairobi, shida ya pumzi ni saa na mahali. Anayetoka Kitengela au Juja saa kumi na moja alfajiri hana alfajiri nyingine ya kuchezea. Anayeishi bedsita ya Pipeline ana jirani mwenye spika upande huu na mtoto anayelia upande ule. Kelele si kizuizi kikubwa kama watu wanavyodhani. Unaweza kuzifanya zenyewe kuwa kitu cha kufuatilia, sauti moja hadi nyingine, bila kuzihukumu. Nafasi ndiyo ngumu. Wengi huishia kufanyia kwenye matatu, na inawezekana kabisa, mradi macho yabaki wazi na mkoba uwe mapajani. Ukifumba macho jioni kwenye gari la kutoka katikati ya jiji, simu yako nayo itatafuta utulivu mfukoni mwa mwingine. Dereva na mhudumu wa boda wasijaribu kabisa wakiwa barabarani.

Daftari hufanya kazi tofauti. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo kuandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Kundi lingine liliandika mambo ya kawaida. Waliogusa vidonda vyao walijisikia vibaya mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi kuliko wengine. Tafiti zilizofuata zimetofautiana, nyingine zikiona faida ndogo tu. Hata hivyo wazo limebaki: jambo likishapangwa kwa sentensi, linapata mwanzo na mwisho, na akili inaacha kulizungusha.

Mimi nina sababu nyingine ya kulipenda daftari. Linaonyesha mtindo. Pumzi haikumbuki juzi ulikasirika kwa sababu gani, karatasi inakumbuka. Andika tarehe, kilichotokea, ulichohisi mwilini na ulichofanya, mistari minne tu, halafu usisome mpaka wiki tatu zipite. Ukirudi utaona jina moja limejirudia, au saa moja ya siku, au kwamba kila siku uliyoruka chakula cha mchana ndiyo siku uliyompigia mtoto kelele. Hakuna kiasi cha kukaa kimya kitakachokuletea ushahidi huo.

Lakini daftari lina mtego wake, na kwa watu wenye tabia ya kuwaza sana ni mtego mbaya. Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Yale aliyefariki mwaka 2013, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kucheua huzuni, kujiuliza bila kikomo kwa nini mimi, kwa nini hivi, hurefusha sonona na kuiongezea nguvu. Ukiona kurasa zako zimejaa "kwa nini", badilisha swali. Uliza "nini": nini kilitangulia, nini nilifanya, nini naweza kufanya kesho saa mbili. Kama hata hivyo unafunga daftari ukiwa mzito zaidi kuliko ulivyolifungua, na hali hiyo inajirudia, liache. Rudi kwenye pumzi au toka nje utembee.

Jambo la pili ni siri. Katika chumba kimoja cha watu wanne, daftari litasomwa. Wengine huandika kisha wakachana, na hakuna ubaya, maana sehemu kubwa ya faida iko kwenye kuandika kwenyewe. Utakachopoteza ni ule mtindo wa wiki kadhaa. Wengine huandika kwa vifupisho au lugha ambayo wenzao nyumbani hawaijui. Na usijibane kwa Kiswahili sanifu wala Kiingereza cha shule. Hasira iliyoingia kwa Sheng au Kikamba itatoka vizuri kwa Sheng au Kikamba.

Ukiwa na dakika kumi tu kwa siku, usizigawe nusu kwa nusu. Kama tatizo lako ni usingizi, moyo kudunda na akili kuruka, chukua pumzi. Kama tatizo ni kwamba mambo yale yale yanakurudia na watu tofauti, chukua kalamu.

Programu ya simu, au kimya bila simu

Headspace ilianza mwaka 2010 na Calm mwaka 2012, na baada yao zikaja nyingi. Zinafanana: sauti tulivu inakuongoza, kengele inalia, unapewa alama kwa kutokosa siku. Nyingi hutoza kwa dola kwa mwezi au mwaka. Insight Timer ina maelfu ya rekodi za bure, na hiyo ndiyo ningemtuma mtu anayeanza. Sauti nyingi ni za Kiingereza, na mifano yake ni ya ufukweni na theluji, jambo linalochekesha ukiwa Githurai stima imepotea.

Faida yake ni kwa mwanzoni: unajifunza zoezi lilivyo, unaacha kujiuliza kama unakosea. Hasara ni kwamba chombo kinachokufundisha umakini ndicho hicho kinachobeba kikundi cha WhatsApp cha ukoo, ujumbe wa Fuliza na odi za mechi. Pakua rekodi chache ukiwa na Wi-Fi ya kazini, zima mtandao, tumia wiki kadhaa, kisha jaribu bila simu. Ukiona huwezi kukaa dakika tano bila sauti ya mtu, hiyo pia ni habari kuhusu wewe.

Karura, au njia ya kwenda stejini

Kuna watu ambao kukaa huwaumiza. Wakitulia, wasiwasi unapanda. Hao watembee.

Karura ina zaidi ya hekta 1,000 na bado ipo kwa sababu watu waliipigania. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walivamiwa na kupigwa walipokwenda kupanda miti kupinga ardhi ya msitu kugawiwa wajenzi. Ukipita leo kwenye njia za kuelekea maporomoko, ukasikia ndege badala ya honi, inakuwa vigumu kuamini kwamba Barabara ya Kiambu iko karibu hivyo. Nairobi Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ni ndogo, hekta 30 hivi, lakini mtu wa Kilimani au wa katikati ya jiji anaifikia kwa miguu. City Park iko Parklands. Msitu wa Ngong Road ni mzuri, ila usiende peke yako.

Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, wenye karibu watu 20,000, uliona kwamba waliopata angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili waliripoti afya na hali njema zaidi kuliko wasiokwenda kabisa. Haikujalisha kama ni siku moja ndefu au vipande vifupi. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba miti ndiyo iliyowaponya, kwani huenda wenye afya ndio wanaotoka. Bado dakika 120 ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Gharama ya kweli ya Karura kwa mtu wa Umoja au Donholm si kiingilio. Ni nauli ya magari mawili kwenda na mawili kurudi, na nusu ya Jumamosi, siku ambayo pia ni ya kufua na ya chama. Kwa huyo, mara moja kwa mwezi inatosha, na siku nyingine atumie njia aliyo nayo: ashuke steji moja kabla ya nyumbani, atembee akisikiliza unyayo unavyogusa lami, harufu ya mahindi choma, joto likishuka. Mwanamke anayerudi usiku hana sababu ya kufanya hivyo, wala asishawishiwe na mtu yeyote kwamba utulivu ni muhimu kuliko kufika salama. Afanye asubuhi.

Kutembea kunafanya kazi ya umakini wa sasa, ukiacha vipokea sauti nyumbani. Ukitembea na kikundi mkiongea njia nzima, mmepata mazoezi na urafiki, ambavyo ni vizuri, lakini ni kitu kingine. Kwa kujitambua, kutembea hukupa kidogo: wazo fulani huja lenyewe ukifika kilomita ya tatu. Uwe na kijikaratasi.

Ndani ya dini yako

Hapa watu hunyamaza kwa heshima, halafu wanaandika makala kana kwamba Nairobi haina misikiti na makanisa. Kwa mtu wa imani, hii inaweza kuwa njia ya bei nafuu kuliko zote, na ni moja kati ya chache zinazofanya kazi zote mbili.

Wakatoliki wana uchunguzi wa siku wa Ignatius wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556. Jioni unashukuru, unaomba mwanga, unaipitia siku kuanzia asubuhi ukitazama ulipovutwa na ulipoondoka, unaomba msamaha, unaitazama kesho. Unaweza kuchukua dakika kumi na tano. Wajesuiti, shirika alilolianzisha Ignatius, wana kituo cha mafungo cha Mwangaza, Karen, kwa anayetaka kuongozwa. Waislamu wana muhasaba, kuihesabu nafsi, na maneno yanayonasibishwa na khalifa Umar, jihesabuni kabla hamjahesabiwa, yanajulikana hata kwa mtoto wa madrasa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa kirefu jinsi mtu anavyoiwekea nafsi masharti asubuhi na kuidai hesabu usiku. Ukiongeza dhikri, ambayo huirudisha akili kwenye neno moja kila inapopotea, una pumzi na daftari kwa pamoja, na kikundi cha watu wa kukuuliza ulipotea wapi.

Tofauti iko hapa. Umakini unaofundishwa hospitalini unasema tazama bila kuhukumu. Uchunguzi wa dhamiri unahukumu, kisha unasamehe. Kwa mtu anayejilaumu kwa kila kitu, sehemu ya kwanza hukaa na ya pili hupotea, akalala akiwa na orodha ya dhambi tu. Huyo aanze na shukrani na aishie hapo kwa muda, au azungumze na padri, shehe au mchungaji anayemjua.

Swali ambalo Wakristo wengi wa jiji hili huuliza ni kama kukaa na pumzi ni kuingia dini nyingine. Mafunzo ya wiki nane hayana sala wala imani ndani yake. Yoga inategemea mwalimu: nyingine ni mazoezi ya viungo na pumzi tu, nyingine zina nyimbo na ibada. Africa Yoga Project, lililoanzia Nairobi mwaka 2007, lilijulikana kwa kufundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Brahma Kumaris, kikundi cha kiroho chenye asili ya India, nao hufundisha tafakuri bila malipo, ila hao wana mafundisho yao ya kiroho, na ni haki yako kuyajua kabla hujaketi. Uliza mlangoni. Mwalimu mwaminifu hataudhika.

Wiki nane kidogo kidogo, au siku kumi kwa mkupuo

Kozi za Vipassana, aina ya tafakuri ya Kibuddha, za S. N. Goenka, mwalimu mzaliwa wa Burma aliyefariki mwaka 2013, huendeshwa sehemu nyingi duniani kwa muundo mmoja: siku kumi, kengele saa kumi alfajiri, saa kama kumi za kukaa kila siku, bila kuongea, simu, kusoma wala kuandika. Hakuna ada, aliyemaliza hutoa anachotaka ili mwingine apate nafasi. Watu hurudi wakiwa wamebadilika macho. Wengine hurudi wametikisika. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake wameandika kuhusu watu waliopata hofu kuu, kukosa usingizi au hisia ya kujitenga na mwili baada ya tafakuri nzito. Ukiwa na historia ya ugonjwa mkali wa akili au kiwewe kipya, usianzie hapo, na useme ukweli kwenye fomu ya kujiandikisha.

Wiki nane ni polepole zaidi: kipindi cha saa mbili na nusu kwa wiki, kazi ya nyumbani hadi dakika 45 kila siku, na siku moja ya ukimya. Hiyo kazi ya nyumbani ndiyo huwashinda wengi. Kozi ya mtandaoni ya Palouse Mindfulness inafuata mpango huo bila malipo yoyote, ila video zitakula bando. Siku kumi za likizo ni anasa ambayo waajiriwa wengi hawaiwezi. Wiki nane zinaingia kwenye maisha kama yalivyo, na kwa hiyo mazoea yana nafasi nzuri ya kubaki. Mimi ningechagua wiki nane.

Na usimlazimishe mtoto. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, lenye wanafunzi zaidi ya 8,000, liliona kwamba masomo ya umakini shuleni hayakuwasaidia vijana wa miaka 11 hadi 14 zaidi ya masomo yao ya kawaida. Wengi hawakuyafanyia mazoezi nyumbani, jambo ambalo mzazi yeyote angelitabiri.

Mtu mwingine: rafiki, kikundi au mshauri nasaha

Nyani haoni kundule. Njia zote zilizotangulia zina upofu mmoja, nao ni kwamba unayejitazama ndiye unayejificha. Kwa swali la pili, la mwenendo, hakuna kinachofika mbali kama mtu wa nje.

Rafiki ni wa bure na anakujua. Ila anakupenda, au ana deni kwako, au mtakutana kwenye chama Jumapili, kwa hiyo atalainisha. Ukitaka ukweli wake, usimuulize "mimi ni mtu wa aina gani?" Atakujibu sifa. Muulize jambo dogo linaloonekana: "Nikianza kukasirika, wewe hujua kwa ishara gani?" Jibu lake, kwamba unaacha kutazama watu machoni, au unaanza kupanga vitu mezani, litakupa kengele ya kutumia siku inayofuata. Uliza mtu mmoja wa kazini na mmoja wa nyumbani. Majibu yakifanana, amini.

Mshauri nasaha hana undugu nawe, na hilo ndilo unalolilipia. Nairobi kikao cha faragha mara nyingi ni kati ya shilingi 2,000 na 5,000, na wengine hutoza zaidi. Wengi hupunguza bei ukiuliza mapema, na kampuni kadhaa hulipia vikao kadhaa kwa mfanyakazi bila yeye kujua. Waulize watu wa rasilimali watu. Vyuo vikuu vina washauri kwa wanafunzi wao. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo kumuuliza mtu amesomea wapi, amesajiliwa na nani, na anasimamiwa na nani si ukosefu wa adabu. Anayekuahidi kuponya kwa kikao kimoja, au anayesimulia habari za wateja wengine, muage.

Wasio na pesa hizo wasidhani wamebaki na makombo. Jijini hapa hapa, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 waliopitia dhuluma za kijinsia. Wahudumu wa afya wa jamii, watu wasio wataalamu waliofundishwa kwa muda mfupi, waliwaongoza baadhi yao kwa vikao vitano vya kupumua polepole, kupanga tatizo moja kwa wakati na kurudi kwenye shughuli na watu. Walipungukiwa na dhiki zaidi ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Na mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya mpango wa Shamiri, ambapo vijana waliomaliza sekondari muda si mrefu waliongoza vikundi vya wanafunzi katika shule za Nairobi na Kiambu, vikao vinne tu, kuhusu shukrani, maadili na uwezo wa kubadilika. Kati ya wanafunzi 413 waliohusika, waliopata vikao hivyo walipata nafuu ya sonona na wasiwasi kuliko waliofundishwa mbinu za kusoma. Kuzungumza kwa mpangilio, na mtu aliyefunzwa kidogo anayeelewa mtaa wako, kunafanya kazi.

Ukiniuliza uanze na ipi

Muuguzi wa zamu za usiku ambaye akifika kitandani asubuhi macho hayafungi: pumzi ya polepole, amelala chali, kutoa pumzi kurefu kuliko kuvuta. Asijihangaishe na daftari saa hiyo, litamwamsha.

Mwenye duka Eastleigh asiye na nafasi tangu alfajiri hadi usiku, na anasali tano: hahitaji kuongeza kitu kipya. Achelewe kuinuka dakika tano baada ya sala ya Isha, aihesabu siku, aishie na alhamdulillah.

Mfanyakazi wa ofisini Upper Hill ambaye amepoteza wachumba kadhaa na kila mmoja aliondoka kwa malalamiko yale yale: mshauri nasaha, na daftari kati ya vikao. Karura haitamwambia anachohitaji kusikia.

Mwanafunzi anayetetemeka kabla ya mtihani: kutembea, kisha pumzi, na ofisi ya mshauri wa chuo kabla ya wiki ya mitihani, foleni ikiwa bado fupi.

Aliyefiwa karibuni: watu kwanza. Akae na watu, ale, alie. Mazoezi ya ukimya yatamsubiri.

Na yule ambaye kwa wiki mbili au zaidi hana hamu ya kitu, halali au analala kutwa, au ameanza kuwaza kwamba heri asingekuwepo: hayo hayatakiwi kutatuliwa kwa lolote kati ya niliyolinganisha hapa. Apige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au aende hospitali iliyo karibu, au hospitali ya akili ya Mathari, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Ukiwa wewe ndiye rafiki aliyeambiwa, funga duka umsindikize.